Marumaru Misikitini: Ya Ukutani na ya Miguuni



Ndugu msomaji, ukizunguka katika miji yetu mwezi huu mtukufu, iwe ni Mombasa, Malindi, Garissa au Nairobi, kuna tangazo ambalo hutakosa kulisikia baada ya swala ya Ijumaa au baada ya tarawehe: msikiti unachangisha. Pengine ni kisima, pengine ni zulia, na mara nyingi siku hizi ni marumaru. Ukuta wa kibla uvishwe marumaru, ukumbi wa mbele utandazwe marumaru, na ngazi nazo zisiachwe nyuma. Wako wanaotoa mkono mfukoni kwa furaha, na wako wanaonong'ona pembeni: hivi hii si israfu? Si bora pesa hizi zingesomesha mayatima?

Wote wawili ni Waislamu na wote wawili wana hoja. Lakini kabla hatujagombana na kamati, mimi naona tuiulize tarikh. Manake mjadala huu haukuanza mtaani kwetu. Una zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu, na waliokuwa wakibishana ni watu wakubwa kuliko sisi.

JIWE LENYEWE NI NINI?

Neno marumaru linatokana na Kiarabu, marmar, na Waarabu walilipata kwa Wayunani waliokuwa wakiliita marmaros. Hata ile Bahari ya Marmara iliyoko Uturuki imepata jina lake kwa kisiwa chenye machimbo ya jiwe hilo. Mafundi wa Kiarabu wenyewe hupenda zaidi kuliita rukham.

Asili yake ni jiwe la chokaa la kawaida, ndugu wa damu wa matumbawe yetu ya pwani. Jiwe hilo lilifukiwa chini sana ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, likapikwa kwa joto na kukandamizwa kwa uzito wa milima, mpaka chembe zake zikajipanga upya na kushikana. Kama chokaa ilikuwa safi, jiwe likatoka jeupe kama maziwa. Kama ilichanganyika na udongo au chuma, uchafu ule ukawa mishipa ya kijivu, ya kijani, ya manjano au nyekundu. Kwa hivyo ile michoro unayoiona ndani ya bamba la marumaru, ile inayofanana na moshi au mawimbi, hakuna binadamu aliyeichora.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba marumaru ina nyuso nyingi. Jiwe lile lile fundi anaweza kulisugua mpaka ujione kama katika kioo. Anaweza pia kuliacha na uso wa kukwaruza: kwa kuligonga na nyundo yenye meno, kwa kulipiga mchanga, kwa kulisugua na brashi ya chuma, au kulipasua tu na kuliacha vile lilivyopasuka. Sisi tukisikia marumaru, akili inakwenda moja kwa moja kwenye mng'aro. Wazee wetu katika Uislamu waliliangalia jiwe kwa uangalifu zaidi. Waliuliza: linakwenda wapi? Ukutani litaangaliwa na macho, na sakafuni litakanyagwa na miguu ya mtu aliyetoka kutawadha.

CHANGARAWE ZA MADINA

Tuanze pale ulipoanza msikiti wetu. Katika Sahih Bukhari, Ibn Umar (R.A.) anatueleza kwamba msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulijengwa kwa matofali ya udongo, paa lake makuti na nguzo zake magogo ya mitende. Sayyidna Abubakar (R.A.) hakuongeza kitu. Sayyidna Umar (R.A.) akaupanua kwa vifaa vile vile. Alipokuja Sayyidna Uthman (R.A.) akaufanyia mabadiliko makubwa: kuta za mawe yaliyochongwa pamoja na jasi, nguzo za mawe, na paa la mbao za msaji. Hiyo ilikuwa mwaka wa 29 Hijria, sawa na 649 au 650 Miladia.

Na sakafu je? Iko riwaya katika Sunan ya Abu Daud ambayo mimi huipenda sana. Usiku mmoja kulinyesha mvua, asubuhi ardhi ya msikiti ikawa tope. Mtu akaja amebeba changarawe ndani ya nguo yake, akazitandaza mahali pake pa kuswalia. Mtume (S.A.W.) alipomaliza swala aliliona jambo lile akalisifu. Tazama basi, sakafu ya kwanza ya mawe katika msikiti wetu ilikuwa ya changarawe. Haikuletwa kwa ajili ya kupendeza. Ililetwa ili mtu asiteleze na ili paji lake la uso lisijae tope.

Joto nalo lilikuwa shida. Anas bin Malik (R.A.) anasimulia kwamba walipokuwa wakiswali nyuma ya Mtume (S.A.W.) wakati wa joto kali, mtu alikuwa akitandaza ncha ya nguo yake apate kusujudu juu yake. Wanalugha wa Kiarabu wanasema jina la mwezi wetu, Ramadhan, asili yake ni ramdhaa, yaani ukali wa joto la mawe na mchanga uliopigwa na jua. Kwa hivyo kila tunapoutaja mwezi huu tunataja pia ardhi inayounguza nyayo. Liweke hilo akilini, tutalirudia tukifika Makka.

UKUTA WA DAMASCUS

Marumaru iliingia kwa kishindo katika majengo ya Kiislamu zama za Bani Umayya. Khalifa Abdulmalik bin Marwan alijenga Qubbat as-Sakhra huko Baytul Muqaddas, ikakamilika mwaka wa 72 Hijria (691 au 692 Miladia). Kuta zake za ndani zilivishwa mabamba ya marumaru. Mwanawe, Al-Walid, akajenga msikiti mkubwa wa Damascus baina ya mwaka 706 na 715. Watu waliouona katika karne za mwanzo walishindwa kuuelezea bila kulitaja jiwe lake.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Fundi alichukua pande moja kubwa la marumaru yenye mishipa akalikata mabamba membamba. Msumeno wake ulikuwa bamba la chuma lisilo na meno, na kilichokuwa kikikata hasa ni mchanga na maji yaliyomiminwa chini yake huku mafundi wakivuta mbele na nyuma, siku baada ya siku. Mabamba mawili yaliyokuwa yamepakana ndani ya jiwe yalifunguliwa kama kurasa mbili za kitabu na kupachikwa ukutani ubavu kwa ubavu. Mshipa uliokuwa upande wa kulia ukapata pacha wake upande wa kushoto. Wakati mwingine waliweka manne pamoja, juu na chini, na mishipa ikajiunga katikati kama ua.

Ufundi huu Waislamu hawakuubuni. Warumi waliujua, na ukienda Istanbul utauona katika kuta za Hagia Sophia iliyojengwa na mfalme Justinian baina ya 532 na 537, ikawa msikiti baada ya 1453, ikafanywa jumba la makumbusho miaka ya 1930, na kurudi kuwa msikiti mwaka wa 2020. Lakini Waislamu waliupenda kwa sababu yao wenyewe. Msikitini hatuweki picha ya mtu wala mnyama. Jiwe lenye mishipa likakata shauri: ukuta ukapambika na hakuna aliyechora kiumbe. Palikuwa na pambo la Mola ndani ya jiwe, kazi ya fundi ilikuwa kulipasua na kulionyesha.

Shahidi wetu mkubwa ni Al-Muqaddasi, mwanajiografia wa karne ya kumi aliyezaliwa Baytul Muqaddas. Huyu hakuwa mtu wa kudanganyika na majengo, kwani babu yake, Abubakar al-Banna, ndiye aliyejenga bandari ya Akka kwa amri ya Ahmad bin Tulun. Al-Muqaddasi anaeleza kwamba kuta za msikiti wa Damascus zilivishwa marumaru za rangi mbalimbali mpaka kimo cha watu wawili, na juu ya hapo mpaka darini ni mosaiki, yaani vipande vidogo vya vioo vya rangi na dhahabu.

Hebu tulifikirie hilo. Chini, mahali watu wanapoegemea, wanapogusa na wanapopitisha mabega, paliwekwa jiwe gumu la kustahimili. Juu, pasipofikiwa na mkono, ndipo palipowekwa vile vioo laini. Mpango ule ulikuwa na akili ya kazi ndani yake, si uzuri peke yake. Msikiti huo umeungua mara kadhaa, ikiwemo mwaka wa 1069 na mwaka wa 1893, na mengi ya asili yamepotea. Hata hivyo katika ukumbi wa mlango wa mashariki bado yako mabamba ya zamani yaliyofunguliwa kama kitabu.

ISRAFU AU HESHIMA?

Sasa tufike kwenye ule ugomvi. Al-Muqaddasi huyo huyo anasimulia kwamba siku moja alimwambia ami yake kuwa Al-Walid alikosea. Mali ya Waislamu aliyomwaga katika msikiti wa Damascus angeitumia kutengeneza barabara, mabirika ya maji na ngome za mipakani, ingekuwa bora na ingeleta thawabu zaidi. Unaona? Ni maneno yale yale ya yule anayenong'ona pembeni baada ya tarawehe.

Ami yake akamjibu kuwa hajafahamu. Sham ilikuwa nchi iliyojaa makanisa mazuri yaliyosifika kila mahali, na Al-Walid aliona ni haki Waislamu wawe na msikiti utakaowatosha macho wasibabaike na uzuri wa wengine. Vile vile Abdulmalik, alipoliona kuba la kanisa kubwa la Baytul Muqaddas, alichelea lisije likaziteka nyoyo za Waislamu, ndipo akajenga Qubbat as-Sakhra.

Wanahistoria wanapokea kisa kingine kinachohusu Umar bin Abdulaziz, khalifa aliyetawala baina ya 717 na 720 na ambaye uadilifu wake hauna ubishi. Alipoiona dhahabu na marumaru ya Damascus alitaka vibanduliwe na thamani yake irudishwe Baytul Mal. Kisha wakaja wajumbe wa Warumi, wakauona msikiti ule, wakapigwa na butwaa. Khabari ilipomfikia, Umar aliacha azma yake. Na usisahau kwamba Umar huyu, kabla hajawa khalifa, alikuwa gavana wa Madina, na kupitia mikono yake Al-Walid alijenga upya msikiti wa Mtume (S.A.W.) baina ya mwaka wa 88 na 91 Hijria na kuuvisha marumaru na mosaiki. Yaani mtu mmoja alisimamia ujenzi wa marumaru, baadaye akataka kuing'oa, kisha akaiacha. Kama mchaji Mungu kama yule jambo lilimgeuza mara tatu, sisi ni nani tulimalize kwa sentensi moja ya barazani?

Wakati huo huo tunayo hadithi ya Anas (R.A.) katika Abu Daud inayoonya juu ya zama ambazo watu watajifakharisha kwa misikiti yao. Sayyidna Umar naye alipoamrisha msikiti upanuliwe, aliagiza watu wakingwe na mvua, na akakataza rangi nyekundu na njano zitakazowashughulisha waswali. Mimi sioni kuwa maneno haya yanalikataza jiwe. Naona yanatuuliza swali: jiwe hili linamfaa nani? Likimfaa anayeswali, lina mahali pake. Likiwa ni la kuushinda msikiti wa mtaa wa pili, hapo tumeshaingia katika lile onyo.

SAKAFU YA MAKKA

Mfano mzuri wa jiwe linalomfaa anayeswali uko mbele ya Al-Kaaba. Zamani sehemu kubwa ya uwanja wa Masjid al-Haram ilikuwa ya changarawe iliyokatwa na njia za mawe. Aliyekwenda kuhiji zama hizo akafanya twawafu adhuhuri ya kiangazi aliijua ramdhaa kwa nyayo zake. Miaka ya mwisho ya 1970, zama za Mfalme Khalid, sehemu ya kufanyia twawafu ilipanuliwa na kutandazwa marumaru nyeupe kutoka Ugiriki. Marumaru hiyo inatoka kisiwa cha Thassos, kaskazini mwa bahari ya Aegean, ambako jiwe limekuwa likichimbwa tangu zama za kale.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba chini ya sakafu ile kuna mabomba ya maji baridi. Wasimamizi wa Haramain wameeleza kuwa siri ni jiwe lenyewe. Weupe wake ni mkali, kwa hivyo linayarudisha mwanga na joto la jua badala ya kuyameza. Mabamba yake yana unene wa sentimita tano, mazito kuliko ya kawaida. Usiku linapoa, na mchana linachelewa kupata moto. Ndiyo maana hujaji anaweza kuzunguka Al-Kaaba mchana bila viatu katika mji ambao kiangazi joto lake hupita nyuzi 40.

Hebu linganisha. Swahaba alitandaza nguo yake asujudu, na leo jiwe limetandazwa badala ya nguo. Pesa zilizotumika ni nyingi, hakuna anayebisha. Lakini zilikwenda kwenye nyayo za bibi kizee kutoka Lamu na za kijana kutoka Jakarta kwa pamoja. Hapo neno israfu halina pa kushika.

NA SISI WA PWANI?

Usidhani khabari hizi ni za Sham na Hijazi tu. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka wa 1331. Anasema misikiti ya huko ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, na ardhi ya kandokando yake imesawazishwa. Anayetaka kuingia anaosha miguu, na mlangoni kuna kipande cha mkeka mzito cha kujifutia. Watu, anasema, walikuwa wakitembea miguu mitupu. Mgeni aliyetoka Morocco na kuona miji yote mikubwa ya Waislamu, alichokiandika juu ya misikiti yetu ni miguu misafi!

Misikiti ya mawe iliyobaki inathibitisha maneno yake. Nenda Gedi, karibu na Watamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2024. Pale kwenye msikiti wa jamia wa karne ya kumi na tano, pembeni mwa birika la kutawadhia, mafundi walipachika mawe ya matumbawe yenye uso wa kukwaruza ili mtu asugue nyayo zake kabla ya kuingia. Kilwa pia yako mawe ya kazi hiyo. Fundi wa Kiswahili alilijua lile tuliloliona Madina, kwamba kuna mahali ambapo jiwe lenye makwaruzo linamfaa muumini kuliko jiwe la kung'aa.

Na kwa ukuta hakuwa nyuma. Matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi yalichongwa kwa urahisi kisha yakawa magumu yalipokauka. Kizimkazi, Unguja, iko kibla yenye maandishi ya Kufi yenye tarehe ya mwaka wa 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Matumbawe yalikuwa ndiyo marumaru yetu.

Marumaru yenyewe pia ilitufikia. Katika karne ya kumi na nne na ya kumi na tano, mji wa Khambhat huko Gujarat ulikuwa na mafundi waliochonga mawe meupe ya makaburi kwa ajili ya Waislamu wa bahari nzima ya Hindi. Kazi zao zimepatikana Dhofar nchini Oman, Gresik katika kisiwa cha Java juu ya kaburi la Malik Ibrahim aliyefariki 1419, na Pasai kule Sumatra juu ya kaburi la malkia Nahrasiyah aliyefariki 1428. Vipande vyake vimepatikana Kilwa pia. Kwa hivyo jahazi lililoleta shanga na nguo lilileta na marumaru. Walioagiza hawakuivisha misikiti yao yote. Jiwe la mbali liliwekwa mahali pachache pa heshima, na kazi ya kila siku ikabaki kwa jiwe la nyumbani.

TUKIRUDI KWENYE KAMATI ZETU

Sasa tuseme ukweli wa leo. Misikiti yetu mingi inatandaza jiwe la kung'aa mahali ambapo maji hayakauki: mbele ya mabomba ya udhu, kwenye ngazi, kwenye ukumbi unaopigwa na mvua. Wazee wanateleza. Mtu wa miaka sabini akivunjika nyonga kwa sababu ya ngazi za msikiti, huenda asiuone tena msikiti huo. Jambo hili si la urembo tena, ni dhamana juu ya shingo za wale walioamua.

Dawa yake ipo na wala si ghali zaidi. Sehemu za maji na za nje zitandazwe marumaru ya uso wa kukwaruza, ile iliyogongwa au kupigwa mchanga, na uwekwe mteremko mdogo maji yapate njia. Na kama pesa ni chache, tunayo mawe yetu. Jiwe la Mazeras, ambalo ni jiwe la mchanga, limetandazwa nyuani na kuvishwa kutani Mombasa mpaka Nairobi, na uso wake wa asili haujui kuteleza. La Galana nalo ni hivyo hivyo. Kwa anayetaka marumaru hasa, Kajiado inachimbwa papa hapa Kenya. Uani mwenye jua, chagua jiwe jeupe au la rangi nyepesi. Jeusi linapendeza kwa picha, lakini mchana wa Januari litakurudisha kwenye ramdhaa.

Ukutani, uzito ndio wa kuogopwa. Bamba la sentimita mbili lina takriban kilo 54 kwa kila mita moja ya mraba, na la sentimita tatu linapita kilo 80. Chini, simiti na gundi nzuri inaweza kutosha. Likipanda juu ya kimo cha mtu linataka kushikwa na vyuma visivyoshika kutu, na anayepaswa kusema hivyo ni mhandisi, si muuzaji wa mawe. Mwambie fundi pia ayapange mabamba chini kwanza, atazame mishipa inavyoelekea, kabla ya kuyapandisha. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja tu, nayo ndiyo iliyofanya ukuta wa Damascus uzungumzwe mpaka leo.

Kuna na usafishaji. Marumaru ni chokaa, na chokaa haipatani na asidi. Limau, siki na zile dawa kali za kusafishia choo zinaila sura yake na kuacha madoa yasiyotoka. Maji na sabuni isiyo kali yatosha.

La mwisho, na hili nawaomba sana vijana wenzangu tulisimamie: misikiti ya kale ya mawe tusiivishe marumaru ovyo. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari hupanda ndani yake na kutoka polepole. Ukiuziba kwa simiti na mabamba, unyevu unafungiwa, chumvi inajenga fuwele ndani, na ukuta uliosimama miaka mia tatu unaanza kumung'unyika kwa ndani huku kwa nje unang'aa. Tutakuwa tumelipa pesa za waumini kuuvunja msikiti wa babu zetu. Misikiti hiyo inataka chokaa mpya na fundi anayeijua kazi ya chokaa, ambao wanapungua kila mwaka.

Kwa hivyo, ndugu yangu, tangazo la mchango likisomwa usikimbilie kusema ni israfu, wala usitoe ukanyamaza. Toa, kisha uliza baada ya swala kwa adabu: jiwe hili litawekwa wapi? Uso wake ni upi? Mzee fulani anayekuja alfajiri na mkongojo atapita juu yake vipi? Maswali hayo si ukaidi. Ni maswali ya yule mtu aliyebeba changarawe ndani ya nguo yake asubuhi ya mvua, na Mtume (S.A.W.) akamsifu kwa alilolifanya.

Allah atukubalie saumu zetu na swala zetu, na azijaalie nyumba zake ziwe mahali pa salama kwa mkubwa na mdogo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.